Kabla mdosi hajakuita, logi zako ziko wapi?

Wewe ndiye kijana wa IT hapo ofisini. Pengine si kazi uliyoandikiwa kwenye barua, na pengine hata barua huna. Ulirekebisha printa siku moja, wakaona unajua kompyuta, na sasa seva ni yako. Siku itakapoharibika utaitwa peke yako. Nataka tuongee kuhusu siku hiyo, maana mimi imenifika.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa. Nikapata kibarua kwa duka moja la vipuri hapa Nairobi. Walikuwa na seva ya kukodi huko ng'ambo, inaendesha Ubuntu, na ndani yake kulikuwa na orodha ya stoo na madeni ya wateja. Jumatatu moja mdosi akakuta madeni ya miezi mitatu yamefutika. Tukafungua faili ya /var/log/auth.log, pale seva huandika nani ameingia na saa ngapi. Ilionyesha mtu aliingia Ijumaa 14:20, akitumia jina la root, kutoka anwani ya intaneti ya ofisi yetu.

"Saa nane na dakika ishirini mchana," mdosi akasema. "Wenzako wote walikuwa nyuma wakipokea mzigo. Nani mwingine alikuwa kwa kompyuta?"

Sikuwa na jibu. Nilienda nyumbani bila mshahara wa mwezi huo.

Miezi kadhaa baadaye, nikiwa napanga seva ya mtu mwingine, niliandika amri ya date nikaona saa iko nyuma. Seva nyingi za kukodi huja zikifuata saa ya UTC, na sisi tuko mbele kwa saa 3. Kumbe ile 14:20 ilikuwa 17:20 yetu, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Wakati huo mimi nilikuwa kwa matatu ya Kayole, nimebanwa dirishani. Nilitaka kurudi na ushahidi, lakini Ubuntu huzungusha faili hiyo kila wiki na kubakisha nne tu za zamani. Ile wiki yangu ilishafutwa na mashine yenyewe kitambo, bila mtu kuigusa.

Kwa hivyo ukiniambia logi ni mambo ya benki na kampuni kubwa, tutakosana. Benki ina mawakili. Wewe kibarua una maandishi ya seva tu, na yakipangwa vibaya yatakuchoma badala ya kukutetea.

Mfumo wenyewe ni wa kizee. Unaitwa syslog, na aliyeuanzisha ni Eric Allman, chuo kikuu cha Berkeley kule California, mapema miaka ya 1980, ili kusaidia programu yake ya barua pepe ya Sendmail. Wazo lake lilikuwa rahisi mpaka wengine wakaliiga: programu isijiandikie faili zake kivyake, itume ujumbe kwa mtumishi mmoja, naye aamue upelekwe wapi. Kila ujumbe una alama mbili. Ya kwanza inasema umetoka wapi, kama ni barua, kernel ama mambo ya kuingia. Ya pili inasema ni mzito kiasi gani, kutoka 0 hadi 7. Hapa wengi huteleza: 0 ndiyo balaa lenyewe na 7 ni porojo za watengenezaji. Ukiandika mail.err, unapata err pamoja na yote yaliyo mabaya zaidi yake.

Kwa Ubuntu, mtumishi unayemkuta mara nyingi ni rsyslog, na maagizo yake yako kwenye /etc/rsyslog.conf na folda ya /etc/rsyslog.d. Kuna mwingine, journald. Huyo mchunguze mapema, kwa sababu folda ya /var/log/journal isipokuwepo, kwa kawaida yeye huweka kila kitu kwa memori. Stima ikipotea, maandishi yameenda nayo. Tengeneza folda hiyo ama uandike Storage=persistent kwenye journald.conf, maisha yaendelee.

Sasa saa. Amri ya timedatectl set-timezone Africa/Nairobi inakuchukua sekunde chache. Lakini muundo wa zamani wa syslog hauandiki mwaka, wala haukuambii saa ni ya wapi, na huo ndio ulionimaliza. Tafuta kwenye rsyslog.conf mstari wenye RSYSLOG_TraditionalFileFormat, uuzime kwa alama ya #, kisha uwashe rsyslog upya. Kuanzia hapo kila mstari utabeba mwaka na ile +03:00 mwishoni mwa saa. Mdosi anayesoma haraka hawezi kukosea tena. Ukishika hapo, ingia /etc/logrotate.d/rsyslog. Ile rotate 4 ukiibadilisha iwe 26, una nusu mwaka. Angalia tu diski isijae.

Kosa kubwa zaidi pale dukani halikuwa hata saa. Tulikuwa watu wanne tunaotumia root mmoja, nenosiri limeandikwa kwa karatasi ya njano kando ya skrini. Logi haina macho, buda. Ikiambiwa ni root, itaandika root. Kila mtu apewe akaunti yake na atumie sudo, ambayo huandika jina lako, folda uliyokuwemo na amri uliyotoa. Kisha funga mlango wa root kwa SSH kwa kuweka PermitRootLogin no, ukishahakikisha akaunti yako inaingia, usijifungie nje. Wenzako watalalamika kwamba unajifanya. Waache walalamike.

Hata hivyo, mtu akishapata sudo anaweza kufuta faili za logi palepale. Mwizi yeyote mwenye akili huanza huko. Ndiyo maana nakuomba usiache logi zilale kwenye mashine ileile zinayoishuhudia. rsyslog hutuma nakala kwa seva nyingine kwa mstari mmoja: *.* kisha @ na anwani. Alama moja ya @ ni UDP, mlango wa 514, ambayo ni kama kurusha karatasi juu ya ukuta bila kujali nani ameidaka. Alama mbili, @@, ni TCP, na hiyo ndiyo utumie. Mpe pia foleni ya diski, ili seva ya pili ikilala, ujumbe usubiri badala ya kupotea. Kama nakala zinapita kwa intaneti ya wazi, zifunge kwa TLS, mlango wa 6514.

Hiyo seva ya pili si lazima iwe ghali. Ile ndogo kabisa ya kukodi inatosha kwa duka. Muhimu iwe kwa akaunti nyingine na ufunguo mwingine, na hapa ndipo wengi watanishangaa: ufunguo huo usikae nao wewe. Mpe mhasibu, ama mdosi mwenyewe, aufungie. Ukiwa na funguo za seva zote mbili, siku ya kesi bado wewe ndiye mshukiwa.

Wadosi mnaosoma hapa, msione hii ni hela ya kumfurahisha kijana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawapa saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data mnapogundua data za watu zimevuja na kuna hatari ya kweli ya wao kuumia. Mtamwambia nini ikiwa hamjui nani aliingia wala alibeba nini? Na logi zenyewe ni siri pia. Kuna watu huharakisha wakaandika nenosiri pale pa jina, na seva inaliandika hivyohivyo kwenye auth.log. Zisisomwe na kila mtu.

Ukimaliza kupanga, usiamini mpaka uone. Kwanza endesha rsyslogd -N1, itakuonyesha kama kuna mahali umekosea kuandika. Kisha kwenye seva ya kwanza andika logger -p auth.notice "mimi niko hapa", umwite mwenye ufunguo wa ile nyingine aangalie. Kama maneno hayo hayajafika na saa sahihi ya Nairobi, kuna mlango umefungwa mahali, na usitoke ofisini leo kabla hujaupata.