Stesheni Ndogo Isisahauliwe



Sisi wa Chitete hatuna reli kijijini kwetu. Anayetaka kupanda garimoshi huenda stesheni ya Tunduma. Hata hivyo, reli ile ni yetu pia. Tuikumbuke historia yake, kisha tuseme tunalotaka.

Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru wao wenyewe, bila ya Waafrika walio wengi. Zambia ilikuwa ikipitisha shaba yake huko. Njia hiyo ikawa ya mashaka. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda wakaamua ijengwe reli mpaka bandari ya Dar es Salaam. Nchi za Magharibi zilikataa kusaidia. Zilisema reli hiyo haitaleta faida. China ilikubali, ikatoa mkopo usio na riba. Mkataba ulitiwa saini Beijing mwaka 1967.

Kazi ilianza mwaka 1970. Maelfu ya Watanzania, Wazambia na Wachina walifanya kazi bega kwa bega. Walitoboa milima na kujenga madaraja. Mwaka 1973 reli ilifika mpakani Tunduma. Mwaka 1976 reli yote, kilometa 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa kwa nchi zetu mbili.

Reli hiyo ilijengwa kwa ajili ya shaba. Lakini wananchi waliipatia kazi nyingine. Watu walihamia kando ya reli, wakalima. Mkulima alipeleka gunia lake stesheni ndogo, akaenda kuuza mjini. Mama alisafiri na mchele wake, akarudi na sabuni na nguo.

Baadaye shaba ilipata njia nyingine. Mwaka 1978 Zambia ilifungua tena mpaka wake wa kusini. Malori nayo yakachukua mizigo. Reli iliyojengwa ibebe tani milioni 2 kwa mwaka, mwaka 2014/2015 haikufikisha hata tani 100,000.

Mwaka 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia saini makubaliano ya kuifufua. Ni jambo jema. Lakini je, stesheni ndogo zitafufuliwa pia?

Wapo wanaosema garimoshi likisimama kila mahali litachelewa, na shaba ndiyo yenye fedha. Ni kweli, garimoshi la shaba lina haraka. Basi lipite. Lakini liwepo na garimoshi jingine la abiria na mizigo midogo, lisimame hata kwenye stesheni ndogo. Tena tukumbuke jambo moja. Shaba ina njia nyingi. Ikiona njia nyingine ni rahisi, inaondoka. Mkulima haondoki. Mwaka huu yupo, na mwakani yupo. Huyo ndiye mteja wa kudumu wa reli.

Mkulima asiye na garimoshi humngoja mwenye lori, na mwenye lori ndiye hupanga nauli. Garimoshi likiwepo, mkulima ana la kuchagua.

Ndugu zangu, sasa tunajua kusoma na kuandika. Tuitumie elimu hiyo. Tuwaulize wazee waliojenga reli, tuandike majina yao na habari zao kabla hawajatutoka. Kisha kwenye mkutano wa kijiji tulitaje jambo hili, liandikwe katika kumbukumbu, lipelekwe wilayani.

Asiyesema hasikiki. Wewe utasema nini?