Bibi alisema ndimu ni ya samaki, nikamwamini TikTok

Wiki mbili kabla ya harusi ya binamu yangu kule Kilifi, niliamua kung'arisha uso. Nilitazama video moja TikTok, nikakamua ndimu mbili, nikachanganya na manjano na asali, nikajipaka. Nikanawa haraka haraka, kisha nikatoka kwenda sokoni kwenye jua la saa saba. Kesho yake mashavu yaliwaka moto. Keshokutwa yakatoa malengelenge. Kwenye picha za harusi, mimi ndiye yule aliyejifunika mtandio hadi puani.

Bibi aliponiona alisema tu: "Ndimu ni ya samaki. Kwani uso wako ni kibua?"

Cheka, una haki. Lakini ukimaliza kucheka, hebu angalia chupa na mikebe uliyo nayo bafuni. Ngapi zimeandikwa "asili"? Na kati ya hizo, ni ngapi unazojua kilichomo?

Usinielewe vibaya, sijaja kuponda mimea. Mimea inafanya kazi, na hapo ndipo penye hatari. Kitu chenye nguvu ya kukusaidia kina nguvu ya kukuumiza pia.

Chukua hiyo ndimu yangu. Ngozi ya mtu ina asidi kidogo, kama 5 hivi kwenye kipimo cha pH. Maji ya ndimu yako karibu 2, na kila hatua kwenye kipimo hicho ni mara kumi. Sasa piga hesabu. Isitoshe, ndimu ina kemikali ziitwazo furokumarini ambazo zikikaa kwenye ngozi na kupigwa na jua, zinaichoma. Si mzio, si mkosi. Ingempata yeyote aliyejipaka za kutosha akatoka nje mchana.

Au chukua mshubiri. Ule ute mweupe wa ndani unapoza ngozi, ni kweli. Lakini chini tu ya ganda kuna utomvu wa manjano, mchungu ajabu, ambao huwasha ngozi. Anayejua hukata jani, akalisimamisha utomvu udondoke, akaosha ndipo akachota ute. Video ya sekunde 30 haina muda wa kukuonyesha hayo. Tena mshubiri wa porini kule Baringo au Kitui si lazima uwe ule unaochorwa kwenye chupa za dukani. Kuna aina nyingi.

Na nazi je? Mwaka 2003, watafiti wa India walichapisha utafiti uliolinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale ya madini kwenye nywele. Ni ya nazi tu yaliyopunguza protini inayopotea nywele zinapooshwa na kuchanwa. Kweli, watafiti hao walifanyia kazi kampuni inayouza mafuta ya nazi, lakini bibi zetu wa Pwani wasingeshangazwa na matokeo hayo. Sasa wewe unayepata chunusi, jipake mafuta yayo hayo usoni kila usiku uone. Yataziba vinyweleo, chunusi ziongezeke. Dawa ya nywele si lazima iwe dawa ya uso.

Unaona ninakoelekea? Tumechukua jani, tukaacha maelezo yake. Bibi alijua sehemu gani ya mmea, kiasi gani, wakati gani, na nani asiguse. Sisi tumerithi neno "asili" peke yake, tukaligeuza cheti cha usalama.

Na neno hilo wajanja wamelinasa. Hina halisi hutoa rangi ya chungwa iliyoiva au kahawia. Ukipakwa maua meusi tititi yanayokauka mara moja, hiyo ni piko, yaani rangi ya nywele ambayo mara nyingi huwa na kemikali iitwayo PPD. Kuna waliobaki na makovu yenye umbo la maua hayo hayo.

Kuna kubwa zaidi. Ukiambiwa krimu ni ya "mitishamba pekee" na itakufanya mweupe kwa wiki moja, jiulize ni mti gani huo wenye kasi hivyo. Kinachofanya kazi haraka namna hiyo mara nyingi ni zebaki, haidrokwinoni au steroidi. Zebaki huharibu figo. Hapa Kenya krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwa miaka mingi, lakini bado zinauzwa, safari hii zikiwa na picha ya jani kwenye mkebe.

Najua utaniambia vijana wenzetu wanajitafutia riziki kwa kutengeneza mafuta nyumbani. Sawa kabisa, na ningependa wafaulu. Ndiyo maana nawaambia: andikeni kila kilichomo na tarehe mliyotengeneza. Ute wa mshubiri uliochanganywa na maji bila kihifadhi huota bakteria siku chache tu baadaye. Mteja akivimba uso, hatarudi, na atawaambia marafiki zake wote.

Nawe mnunuzi, fanya mambo matatu. Soma kilichomo, na pasipoandikwa chochote, rudisha doo mfukoni. Jaribu kidogo ndani ya kiwiko, ngoja siku mbili, ndipo upeleke usoni. Na ngozi ikianza kuwasha, acha. Usidanganywe ati "sumu inatoka". Ngozi inakuomba uiache.

Mwisho, kama una bibi, shangazi au mama anayejua mambo haya, mpigie leo. Usimuulize tu nini cha kupaka. Muulize nini cha kutopaka, maana hilo ndilo nililokosa kuuliza mimi.

Madoa yangu yalichukua miezi kufifia. Ndimu saa hii ziko jikoni, kando ya samaki.