Mtoto akimaliza kupiga piano, mzazi aseme nini?

Mtoto aliyejifunza sonata kwa miezi kadhaa na kuipiga mbele ya familia hupata jibu moja kati ya mawili: "Safi sana, una kipaji!" au "Mbona umekosea pale katikati?" Yote mawili hayamwambii afanye nini kesho.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na utafiti hauko mbali na hapo. Mwaka 1998, Claudia Mueller na Carol Dweck wa Marekani walichapisha majaribio waliyofanya kwa wanafunzi wa darasa la tano. Waliosifiwa kwa akili zao, walipokutana na maswali magumu, walikata tamaa mapema kuliko waliosifiwa kwa juhudi. Anayeambiwa ana kipaji huona kila kosa kama ushahidi kwamba hana.

Taja mahali, si mtu

Chukua sonata ya Mozart K. 545, aliyoiandika mwaka 1788 kwa ajili ya wanaoanza. Inasikika nyepesi, lakini haifichi kosa. Mkono wa kulia unabeba wimbo, wa kushoto unausindikiza kwa noti zinazojirudia. Mzazi asiyejua kusoma noti anaweza kusikiliza mambo matatu: Je, mkono wa kushoto unaufunika wimbo? Vidole vinakimbia noti zinapopanda na kushuka mfululizo? Kasi ya mwanzo imedumu mpaka mwisho?

Kabla ya kusema lolote, muulize mwenyewe: "Wapi umepapenda? Wapi pamekusumbua?" Mara nyingi kosa analijua tayari. Kisha taja kitu kimoja kilichokwenda vizuri na kimoja cha kurekebisha. Mrekodi kwa simu, msikilize pamoja. Sauti yake mwenyewe haimfokei.

Kwa wanaofanya mitihani ya bodi ya ABRSM ya Uingereza, inayofanyika pia Kenya, alama za vitendo ni 150 na kufaulu ni kuanzia 100. Wengi hukimbilia alama. Soma naye kwanza maoni ya mtahini, kwa sababu ndiyo yanayoonyesha pa kufanyia kazi.

Usipuuze mwili

Moyo kwenda mbio, viganja kutoa jasho na vidole kutetemeka kabla ya kupiga ni mwitikio wa kawaida wa mwili kwa hofu. Si dalili kwamba hakujiandaa. Kupumua taratibu na kuzoea kupiga mbele ya watu wachache humsaidia.

Maumivu ya kiganja, kifundo cha mkono au bega ni jambo jingine. Asiambiwe avumilie. Apumzike, mwalimu aangalie anavyokaa na anavyoweka mikono, na yakiendelea apelekwe kwa daktari.

Siku ya onyesho, pongezi zinatosha. Marekebisho yasubiri kesho yake, mtoto akiwa ametulia, tena yasizidi moja kwa siku.