Pingili za Alupe

Mwandishi wetu wa kwanza katika toleo hili anataka vituo vidogo vya utafiti vifungwe na wataalamu wakusanywe makao makuu. Anaikumbuka sheria ya 2013 iliyounganisha taasisi za utafiti wa kilimo, chai, kahawa na sukari kuwa KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, na anaona kazi iliachwa nusu. Nimechapisha makala yake kwa heshima. Siikubali, na muhogo unaonyesha kwa nini.

Muhogo haupandwi kwa mbegu ya paketi. Hupandwa kwa pingili, mzigo mkubwa unaokauka upesi na kubeba virusi bila kuonekana. Batobato kali, ugonjwa wa virusi wa muhogo, ilipovuka kutoka Uganda katikati ya miaka ya 1990, mkulima wa Khunyangu, hapa Busia, aling'oa shamba zima. Tiba nayo ikatoka Uganda: aina stahimilivu zilivushwa mpaka na kukaguliwa zikiwa shambani, hapo Alupe, karibu na mji wa Busia. Kuruhusu ukaguzi ule ufanyike shambani ulikuwa uamuzi wa uongozi kabla ya kuwa wa sayansi, na ulihitaji kituo kilicho mpakani. Ofisi ya Nairobi isingeweza kutazama majani kila juma.

Mwaka 2004 ugonjwa wa michirizi ya kahawia ya muhogo ukaonekana Uganda, kisha ukaja kwetu. Mtafiti Storey alikuwa ameueleza ugonjwa huu huko Amani, Tanganyika, tangu 1936. Hata hivyo, aina nyingi zilizotuokoa na batobato hazikuuweza: shina limenawiri, ukichimba mzizi umeoza. Nalaumu namna tunavyogawa fedha. Mradi hulipiwa hadi aina mpya itangazwe, basi. Kusafisha na kuzidisha pingili msimu baada ya msimu huachiwa vikundi vya akina mama visivyo na fungu lolote, na boda boda huvusha shehena za pingili mpakani Malaba bila mtu wa kuzikagua. Tukiendelea kuwapima watafiti kwa idadi ya aina walizoidhinisha, hatutajua kamwe mkulima alipanda nini.

Katika makala nyingine za toleo hili, ile ya gugu la kiduha ni nzuri, isomwe. Ile ya mbolea inarejea majaribio ya Duflo, Kremer na Robinson hapa Busia: mkulima aliyeuziwa mbolea mara baada ya mavuno, akapelekewa bure nyumbani, aliitumia zaidi. Nao wanazungumzia ufikishaji, ingawa hawautaji muhogo.

Watafiti wa Alupe na wenzao wa kituo cha Namulonge, Uganda, wapewe ratiba moja ya kukagua pingili na fungu la kila mwaka. Anayepinga aniandikie kabla ya mvua za Machi.