Huzuni ya mkulima si upungufu wa imani



Ndugu wanafunzi, mwaka huu tumeona tuandike juu ya jambo ambalo katika vijiji vyetu vya Chemba husemwa kwa kunong'onezana tu, tena likishatokea. Nalo ni watu kujitoa uhai, na maradhi ya moyo na akili yanayotangulia. Wapo watakaosema kuwa jarida la madrasa si mahali pake. Sisi tunaona ndipo hasa, kwa sababu maneno yanayomnyamazisha mgonjwa wa aina hii mara nyingi husemwa kwa jina la dini.

Ninyi watoto wa wakulima mnaijua hali yenyewe. Mvua ni ya msimu mmoja tu, na ikikatika Februari mahindi yananyauka yakisimama. Mtama ukinusurika na jua, wapo kwelea kwelea, na kwa walio jirani na Pori la Akiba Swagaswaga wapo tembo, ambao usiku mmoja huwatosha. Mazao yakifika nyumbani, bei nayo ina lake: mwaka 2023 waliolima alizeti katika mikoa hii ya kati walivuna wakakuta bei imeshuka vibaya. Baba aliyekopa fedha ya mbegu na ya trekta kwa ahadi ya kulipa baada ya mavuno anabaki na deni lile lile. Usingizi unamruka, chakula hakipiti. Kisha anaacha kuja msikitini, kwa sababu anayemdai anaswali safu ya mbele.

Si kila mwenye deni hufikia kutaka kufa, wala si kila aliyefikia hapo ana deni. Jambo hili halina sababu moja. Mara nyingi pana sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, au ulevi, au maumivu ya muda mrefu, au ugomvi wa nyumbani, na shida ya shamba huja kuongeza mzigo juu ya mzigo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao 727,000 walijiua duniani, na kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 hiyo ilikuwa sababu ya tatu ya vifo. Hilo ni rika lenu.

Sasa tukumbuke mwaka 2016. Ugonjwa usiojulikana uliingia Chemba, Kondoa na Kiteto, na takriban watu 20 walifariki. Wataalamu walikuja, wakachukua sampuli, ikabainika kuwa ni sumukuvu iliyokuwa katika mahindi. Watu wakafundishwa kuanika nafaka juu ya turubai na kuihifadhi pakavu. Hatukumsikia mtu akisema kuwa marehemu wale walikuwa na imani ndogo. Ini likiugua tunatafuta sababu na dawa. Kwa nini akili ikiugua tunatafuta dhambi?

Nabii Yaqub (A.S.), kama mnavyosoma katika Suratu Yusuf, alihuzunika kwa kumkosa mwanawe mpaka macho yake yakawa meupe. Nani atasema Nabii alipungukiwa na imani? Naye Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi, akatenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile inayomjia mtu bila yeye kujua imetoka wapi. Waislamu walikuwa wakiliandikia jambo hili miaka elfu moja na zaidi iliyopita. Sisi leo tunalifanyia mzaha: kijana akinyamaza siku mbili anaambiwa "apelekwe Mirembe". Mirembe ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, iko hapo hapo Dodoma tangu miaka ya 1920, na wagonjwa kutoka mikoa ya mbali hupelekwa huko kutibiwa. Kuifanya tusi ni kumfungia mgonjwa mlango aliokaribia kuufikia.

Kuhusu hukumu, kujiua ni haramu, na aya ya 29 ya Suratun Nisaa inatosha. Lakini uharamu wa kitendo haufanyi ugonjwa usiwe ugonjwa. Imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) hakumswalia mtu aliyejiua, na kwa hadithi hiyo baadhi ya watu hususia mazishi na kuwaacha wafiwa peke yao. Imamu Nawawi, katika maelezo yake juu ya Sahihi Muslim, anaeleza kuwa wanavyuoni walio wengi wanaona mtu huyo huswaliwa, na kwamba Mtume alijizuia ili kuwakanya watu, ilhali Masahaba walimswalia. Basi mjane na mayatima wana haki ya kuona watu wamejaa uani kwao.

Sheria yetu nayo bado inamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Pakistani ilifuta kosa hilo mwaka 2022 na Malaysia mwaka 2023, nchi zote mbili za Waislamu wengi. Kenya, Mahakama Kuu ililitangaza kuwa kinyume cha katiba Januari 2025. Tunaona Tanzania ingefaa kufuata. Familia inayoogopa polisi humficha mgonjwa wake wakati anapohitaji daktari.

Mnaweza kufanya nini ninyi? Mkimsikia mtu akisema amewachosha watu, au kwamba mtapumzika akiondoka, au mkimwona anagawa vitu vyake bila sababu, msicheke wala msimhubirie. Mwulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpi wazo ambalo hakuwa nalo. Aghalabu humpa nafuu. Kisha msimwache peke yake, na mwambieni mtu mzima ampeleke zahanati au hospitali. Akiwaomba mfiche, msikubali, hata kama ni baba au mjomba. Na mwenye hali hiyo akiwa ni wewe mwenyewe, mwambie mama, ustadhi, yeyote unayemwamini, leo hii. Ipo pia simu ya bure ya watoto, namba 116.

Dawa za shamba zifungiwe kwa kufuli, na ufunguo ushikwe na mtu mwingine nyumba inapokuwa na mwenye huzuni. Nchini Sri Lanka, tangu katikati ya miaka ya 1990 serikali ilipiga marufuku dawa kali za kilimo moja baada ya nyingine, na katika miaka 20 kiwango cha kujiua kilishuka kwa zaidi ya theluthi mbili. Wakulima wa huko hawakutajirika ghafla. Saa ile mbaya iliwapita tu, wakabaki hai.

Tunaiomba kamati ya madrasa itenge kikao kimoja kila Januari, ghala za wengi zinapopungua, imwalike mganga wa zahanati azungumze na wazazi, akina baba hasa, maana wao ndio wagumu wa kusema. Na wanaodai madeni waalikwe pia. Aya ya 280 ya Suratul Baqara, inayotaka mdaiwa mwenye dhiki apewe muda, isomwe wakiwapo.