Usisafirie Nyota ya Mwenzio: Rununu, Kifaa cha GPS na Ziara za Nyanjani

Wahenga wa pwani, ambao riziki yao ilikuwa baharini, walionya: usisafirie nyota ya mwenzio. Darasani methali hii hufafanuliwa aghalabu kwa maana ya bahati, kwamba kila mja ana nyota yake na asiuige mwendo wa mwingine. Maana yake ya kwanza, ya nahodha aliyekesha akiitazama nyota ili jahazi lisipotee, imebaki kwa wachache. Ajabu ni kwamba maana hiyo ya kwanza ndiyo inayomhusu zaidi msafiri wa leo. Nyota zinazomwongoza sasa ni setilaiti zinazoizunguka dunia umbali wa takriban kilomita 20,200 kutoka ardhini, na kwa hakika ni nyota za mwenzio. Mfumo wa GPS ni mali ya serikali ya Marekani. Setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978 kwa mahitaji ya kijeshi, na hadi Mei 2000 ishara waliyopewa raia ilikuwa imetiwa kasoro makusudi isimwonyeshe mtu mahali alipo kwa usahihi wa kuridhisha. Rais Bill Clinton alipoamuru kasoro hiyo iondolewe, ndipo vifaa vya kuwaelekeza madereva vilipopata soko pana.

Mabishano yaliyopo sasa ni ya nchi kavu. Idara ya Kiswahili inapopanga ziara ya nyanjani ya kukusanya fasihi simulizi, ni rahisi swali kuzuka: je, kuna haja gani ya kununua kifaa maalumu cha GPS ilhali kila mwanafunzi garini ana rununu yenye ramani? Wapo wanaolicheka wazo lenyewe. Kwao kifaa hicho ni masalio ya enzi iliyopita, sawa na kanda za kaseti. Kicheko hicho kina haki yake mjini. Kaskazini ya Isiolo hakina.

Ushindi wa rununu mjini hauna ubishi. Mnamo Oktoba 2009, Google ilipotangaza kwamba ramani zake zingemwelekeza dereva kona kwa kona bila malipo, bei za hisa za Garmin na TomTom, kampuni mbili zilizotajirika kwa kuuza vifaa vya GPS, ziliporomoka siku iyo hiyo. Tangu hapo rununu imezidi kujifunza. Huujua msongamano wa magari kwa kupokea habari kutoka kwa rununu za madereva wengine, na mwaka 2018 Kiswahili kiliongezwa miongoni mwa lugha za ramani za Google, jambo ambalo wapenzi wa lugha hii walipaswa kulisherehekea kuliko walivyolisherehekea. Kifaa maalumu kilichonunuliwa kitambo na kusahaulika kabatini hakiijui hata barabara ya juu ya Nairobi, yenye urefu wa kilomita 27, iliyofunguliwa mwaka 2022. Anayetoka Mlolongo kwenda Westlands na asitumie rununu yake anajitesa bure.

Tatizo ni kwamba ushindi huo wa mjini umewafanya watu wasahau rununu inavyofanya kazi. Wengi hudhani kuwa mtandao ukipotea setilaiti nazo hupotea. La hasha! Rununu na kifaa maalumu huzisikiliza setilaiti zile zile, na yeyote kati yao akizipata nne hutambua mahali alipo, hata kama mnara wa simu ulio karibu uko mwendo wa siku nzima. Tofauti iko kwenye ramani. Kifaa maalumu huibeba ramani tumboni mwake. Rununu, isipokuwa imetayarishwa mapema, huiomba ramani kidogo kidogo kutoka mbali kadiri gari linavyosonga. Mtandao unapokatika, mwenye rununu huiona nukta ya buluu ikielea juu ya karatasi tupu. Anajua yuko mahali fulani duniani. Hajui mahali hapo panapakana na nini.

Sasa na atazamwe mtafiti anayekwenda kurekodi ngano za Wagabra. Hadi Marsabit hana wasiwasi, kwa kuwa lami kutoka Isiolo hadi Moyale ilikamilika katika miaka ya 2010. Taabu huanza pale gari linapoiacha lami hiyo na kuelekea Maikona, Kalacha na North Horr, kandokando ya jangwa la Chalbi. Huko mtandao hupatikana karibu na vituo vya makazi, kisha hutoweka. Barabara yenyewe si moja. Ni nyayo za magurudumu kumi zinazoachana na kukutana tena, kila dereva akiwa amekwepa matope au mchanga wa msimu wake. Chalbi huwa kavu na ngumu kiasi cha kumshawishi dereva aikate katikati, lakini mvua ikinyesha hugeuka tope linalomeza magurudumu. Laga zinazoonekana kama njia nzuri za mchanga hujaa maji yaliyotoka milima ya mbali, bila tone moja kudondoka pale lilipo gari. Hata majina yana mtego. Kuna North Horr na kuna South Horr, na Loiyangalani iko kati yake. Dereva aliyeandika jina nusu na kubonyeza jibu la kwanza lililojitokeza ataelekezwa, kwa sauti tamu na ya kujiamini, upande usiokuwa wake.

Sauti hiyo ya kujiamini ndiyo ya kuogopwa zaidi. Programu ya rununu imeundwa ipendelee njia ya haraka au fupi, nayo haioni aibu kumpitisha mgeni mahali ambapo mwenyeji hapiti. Methali isemayo njia ya mwongo ni fupi haikutungwa kwa ajili ya rununu, lakini inaitosha. Nchini Australia, mnamo Desemba 2012, polisi wa jimbo la Victoria walilazimika kuwaonya madereva dhidi ya ramani za Apple, ambazo zilikuwa zimeuweka mji wa Mildura ndani ya hifadhi ya Murray-Sunset, takriban kilomita 70 kutoka mji wenyewe ulipo. Polisi walikuwa wamewaokoa watu waliokwama humo, wengine kwa muda wa hadi saa 24 bila chakula wala maji, katika eneo ambalo joto laweza kufikia nyuzi 46. Kosa lilirekebishwa upesi. Waliokwama walikuwa wamekwisha kukwama.

Mtetezi wa rununu atajibu kwamba ramani zaweza kuhifadhiwa kabla ya safari, na kwamba tangu 2015 hata ramani za Google humwelekeza dereva bila mtandao. Hoja hii ni nzito, na anayeipuuza hajaitendea rununu haki. Hata hivyo, inadai nidhamu ambayo rununu yenyewe imewaondolea watu. Ramani iliyohifadhiwa huisha muda isipofanywa upya, na aliyezoea kupata kila kitu papo hapo hukumbuka kuhifadhi akiwa tayari amevuka mnara wa mwisho.

Na hata akikumbuka, kuna jambo ambalo halitajwi katika mabishano haya, nalo ni kwamba rununu ya mwanafunzi wa fasihi simulizi haina kazi moja. Ndiyo kinasa sauti chake, ndiyo kamera, ndiyo tochi ya usiku, ndiyo daftari, ndiyo njia yake ya kumfikia msimamizi wa utafiti. Ikiwekwa juu ya dashibodi katika jua la Turkana ili ielekeze njia, hupata joto na yaweza kujizima. Betri ikiisha, safari imepoteza dira na utafiti umepoteza masikio kwa mkupuo mmoja. Kifaa cha GPS cha kushika mkononi hutumia betri ndogo za kawaida, zile za redio na saa za ukutani, ambazo hupatikana katika duka lolote la Marsabit. (Vile vya kubandikwa kwenye kioo cha gari ni kisa kingine, kwani betri zao hazidumu na hutegemea umeme wa gari.)

Kipo pia kile ambacho mtafiti anadaiwa na watambaji wake. Mzee anapokubali kutamba ngano nyumbani kwake, mtafiti huweka alama ya mahali hapo. Alama iliyo kwenye kifaa cha mkononi hubaki humo mpaka mwenyewe aihamishe. Iliyowekwa kwenye rununu yaweza kutumwa kwa kampuni ambayo mzee huyo hajawahi kuisikia wala kuipa idhini.

Yote haya hayakifanyi kifaa maalumu kuwa malaika. Ni ghali, vitufe vyake ni vidogo, na asiyejifunza kukitumia nyumbani hatajifunzia jangwani. Ramani yake nayo ni nzuri kwa kadiri ya waliopita wakaandika. Tracks4Africa ya Afrika Kusini hutunga ramani kutokana na nyayo zilizorekodiwa na wasafiri wenyewe. OpenStreetMap, iliyoanzishwa mwaka 2004, huandikwa na wanaojitolea, na ndiyo iliyowawezesha vijana wa Kibera mwaka 2009 kuuchora mtaa wao ambao ramani rasmi ziliuonyesha kama mahali patupu. Pasipopita mtu wa kuandika, hamna ramani kwenye chombo chochote kile. Tena hakuna chombo kati ya hivi viwili kinachojua kwamba laga fulani ilifurika usiku wa jana. Mchunga ngamia anajua. Vasco da Gama mwenyewe, pamoja na dira na ramani zake zote, hakuthubutu kuivuka bahari kwenda Bara Hindi mwaka 1498 kabla ya kupewa rubani pale Malindi.

Kwa hiyo idara inayowapeleka wanafunzi kaskazini haina budi kutenga fedha za kifaa kimoja cha mkononi, kitunzwe ofisini pamoja na vinasa sauti, na mwanafunzi mmoja katika kila kundi afunzwe kukitumia kabla ya siku ya safari. Kifaa kimoja kwa gari zima si gharama ya kutisha kikilinganishwa na kulipa lori liende kulikwamua gari la chuo kutoka Chalbi. Rununu nazo zipakiwe ramani tangu Nairobi, ziwe akiba. Na pale Marsabit, kabla ya gari kuiacha lami, mmoja wao ashuke akawaulize madereva wa malori ya mifugo kama laga za njiani zina maji.