Ile barua ya kuomba noti: naomba mnifutie jina langu

Najua nimepotea wiki tatu nzima, na kuna walioanza kuuliza kama nimedisko. Sijadisko jamani, ni testi tu zilinibana. Leo sina stori za kantini wala za bumu kuchelewa. Leo nina jambo linalonikera, na kibaya zaidi nimelifanya mwenyewe.

Wenzangu wa darasani mnaikumbuka ile barua iliyopita mkono kwa mkono Jumatano. Kwa wasiojua: muhula huu tuna mwalimu mmoja, jina naliweka kando, ambaye hatoi noti wala hasomi slaidi. Anatupa kurasa chache za kusoma usiku. Asubuhi anaandika swali ubaoni, kila mtu anaandika jibu lake kimya kimya, kisha unamgeukia jirani yako mnabishana, halafu ndipo yeye anaeleza. Sisi tukaona anatutesa. Tukaandika barua kwenda idarani kwamba afundishe "kama walimu wengine", atoe noti tukadese kwa amani. Majina hamsini na kitu. La kumi na nne ni la kwangu.

Naomba lifutwe. Nisikilizeni kwanza, matusi baadaye.

Niliposaini nilikuwa na sababu moja tu: nilihisi sijifunzi. Nikitoka kwenye kipindi cha yule mwalimu mwingine anayetiririka kama maji, najiona nimeelewa kila kitu. Nikitoka kwa huyu kichwa kinauma. Basi nikahitimisha kwamba yule anafundisha na huyu hafundishi.

Sasa juzi natafuta marejeo ya asainmenti, nikakutana na utafiti wa mwaka 2019 wa Louis Deslauriers na wenzake pale Harvard, Marekani. Walichukua wanafunzi wa kozi ya utangulizi ya fizikia wakawagawa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilisikiliza lekcha safi ya mwalimu mzoefu. Kundi la pili lilipewa mambo yale yale, ila wakahangaika na maswali wenyewe kwa vikundi, mwalimu akiwasaidia. Mada iliyofuata wakabadilishana. Kila mara walipewa mtihani mfupi, na wakaulizwa wanahisi wamejifunza kiasi gani.

Waliohangaika wenyewe walifaulu zaidi. Lakini wao ndio waliosema wamejifunza kidogo! Waliosikiliza lekcha tamu walijiona wameiva, kumbe mtihani ukasema vingine. Maelezo ya watafiti ni kwamba mtu akiumia kichwa anadhani haelewi, na mwalimu akitiririka mwanafunzi anadhani ule utiririkaji ni wa kwake yeye.

Nikabaki mdomo wazi. Hao ni sisi kabisa. Ile barua yetu imeandikwa na hisia ambayo watu wameshaipima na kuikuta inadanganya.

Na si utafiti mmoja. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za vyuoni, za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati. Kwenye madarasa ya lekcha tupu waliofeli walikuwa wastani wa asilimia 33.8. Kwenye madarasa ambayo mwanafunzi anashughulishwa, asilimia 21.8. Chukua ukumbi wa watu mia: ni kama watu kumi na wawili wanaoponea sapu. Kumi na wawili ni meza nzima ya marafiki zako pale kantini. Mwaka 2020 utafiti mwingine ukaangalia nani ananufaika zaidi, ukakuta pengo la kufaulu kati ya wanafunzi wa makundi yaliyoachwa nyuma na wenzao linapungua kwa asilimia 45. Kwa hiyo anayenufaika si yule mjanja wa safu ya mbele peke yake.

Najua mtaniambia, "Acha hizo, huko ni Marekani." Sawa, hoja ina uzito, na sitaki kuwadanganya. Mwaka 2011 Michele Schweisfurth alipitia makala 72 kuhusu ufundishaji wa namna hii katika nchi zinazoendelea, na nyingi zilieleza jinsi ulivyokwama: madarasa yamefurika, vitabu hakuna, walimu hawakuandaliwa, mitihani bado inataka kukariri. Halafu kuna Kirschner, Sweller na Clark, ambao mwaka 2006 walionya kwamba mwanafunzi mgeni wa somo akiachwa agundue mwenyewe bila kuongozwa, anapotea.

Haya nimeyaona kwa macho yangu mwaka jana nilipokwenda mazoezi ya kufundisha. Kidato cha pili, wanafunzi zaidi ya sabini, somo biolojia. Siku ya kwanza nikajiona wa kisasa, nikawagawa vikundi vya tisa tisa, "jadilini usanisinuru". Mmoja akaandika, wanane wakapiga soga. Kwenye andalio la somo nikajaza "mbinu shirikishi" na nikalala usingizi wangu. Ule haukuwa ufundishaji wa kumjali mwanafunzi. Ulikuwa uvivu uliovaa suti.

Wiki iliyofuata nikabadilisha. Nikaja na punje moja ya mahindi mkononi na swali moja: punje hii ni nyepesi hivi, mhindi wake ni mzito vile, uzito wote huo umetoka wapi? Kila mtu aandike kwanza peke yake. Karibu wote wakaandika udongo. Kisha wabishane wawili wawili, na nikawaruhusu watumie Kiswahili, maana kwa Kiingereza walikuwa mabubu. Darasa likawaka moto, mpaka mwalimu wa jirani akachungulia kuona kuna nini. Mwishoni nikaeleza mwenyewe, hatua kwa hatua, kwamba sehemu kubwa ya ule mwili imetengenezwa kwa hewa ya kaboni dioksidi na maji. Baada ya siku kadhaa nikauliza tena. Binti mmoja wa safu ya nyuma, ambaye hata sauti yake nilikuwa siijui, akasimama akaeleza vizuri kuliko mimi.

Tofauti ya siku zile mbili ni nini? Swali lenye mfupa, muda wa kufikiri peke yako kabla ya kelele, na mwalimu anayerudi kufunga mjadala. Sasa tazameni: ndicho hasa anachofanya huyu mwalimu tunayemshitaki.

Na hapa ndipo panaponiuma. Wengi wetu tunasomea ualimu. Mwalimu Nyerere mwaka 1967, kwenye Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule zimjengee mtoto akili ya kudadisi. Mtaala wa sekondari wa 2005 ukataka mwanafunzi awe katikati ya somo, na mabadiliko yaliyofuata hayakuliacha hilo. Ila mtu hufundisha alivyofundishwa. Tukipigania noti leo, kesho tutaingia darasani na madaftari yale yale ya njano, tuimlie watoto, halafu tuwalaumu kwamba hawajui kufikiri.

Sisemi barua yote ni upuuzi. Kurasa za kusoma zinatufikia saa mbili usiku na kopi ni chache pale kwa mtoa fotokopi. Ukumbi ni mkubwa, walioko nyuma hawasikii majibu. Na siku nyingine kengele inalia kabla hajafunga mjadala, tunatoka tumechanganyikiwa. Hayo ni madai ya haki. Basi tuandike barua nyingine inayoomba hayo matatu: kurasa zije mapema, kipaza sauti kipatikane, na dakika kumi za mwisho awe anatufungia somo. Hiyo nitasaini namba moja, kwa wino mzito.

CR wetu, najua unasoma hapa. Barua inakwenda idarani Ijumaa. Alhamisi jioni nitakuwa kibarazani kwetu na kalamu yangu. Njoo na ile karatasi, nikate jina langu mwenyewe. Na wewe uliyesaini kwa sababu kichwa kilikuuma, fikiria tena. Pengine kilikuwa kinafanya kazi.